Umeongeza RAM, sasa gemu zinajitoa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karibu kila wiki mtu hufika hapa kwetu Mwanga, Kigoma, na kompyuta kwapani na maneno yale yale: "Fundi, niliongeza RAM gemu iende vizuri, sasa ndiyo kwanza inajitoa." RAM ni kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hutumia ikiwa kazini, na nyingi tunazofunga huku zinaagizwa Dar es Salaam, na kwa reli hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Ukirudisha kipande kizima ukidhani ni kibovu, au ukibaki na kibovu ukidhani ni gemu, umepoteza wiki nzima na nauli ya mzigo. Kwa hiyo nimeyajibu maswali haya kwa urefu, ili uweze kujipimia nyumbani kabla hujalipa mtu yeyote, hata mimi.

Mbona kila kitu kinafanya kazi isipokuwa gemu?

Ukikaa sebuleni tu hutajua kwamba dari la chumba cha uani linavuja. RAM ni hivyo hivyo. Ukiandika barua au ukiangalia video, kompyuta inatumia sehemu ndogo ya kumbukumbu, na kipande kibovu kinaweza kukaa kimya miezi kadhaa kwa sababu hakuna aliyeingia kwenye kile chumba. Gemu kubwa inaingia vyumba vyote. Toleo la awali la GTA V, kwa mfano, linataka RAM ya GB 4 kwa uchache, na wenyewe wanapendekeza GB 8. Gemu kama hiyo inajaza, inafuta na kujaza tena kila unapovuka mtaa mmoja kwenda mwingine ndani ya gemu.

Kuna jambo la pili. Data za gemu zimebanwa, na zikifunguliwa lazima kila namba itoke kama ilivyoingia. Namba moja ikigeuka kutoka 0 kuwa 1, picha kwenye video itakuwa na doa usilolitambua, lakini gemu inaweza kufuata anwani isiyokuwepo na Windows itaifunga papo hapo. Ndiyo ile hitilafu ya 0xc0000005 unayoikuta kwenye orodha ya matukio ya Windows (Event Viewer). Maana yake programu imegusa mahali pa kumbukumbu isiporuhusiwa. Gemu yenyewe ikiwa na kasoro inaweza kuitoa pia, kwa hiyo usiichukulie kama hukumu.

Nianzie wapi?

Toa RAM mpya, rudisha ya zamani, cheza jioni nzima. Watu wanaruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kurudi nyuma, lakini ndiyo inayokata mzizi wa fitina. Gemu ikitulia na RAM ya zamani, tatizo liko kwenye kipande kipya, kwenye sloti yake au kwenye mipangilio yake. Ikiendelea kujitoa, huenda RAM mpya haina kosa na umeokoa safari ya kuirudisha Dar.

Fanya kwa utaratibu. Chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie sekunde kumi au kumi na tano ili umeme uliobaki ndani uishe. Laptopu itoe betri, au ichomoe waya wake kwenye madabodi (ubao mkuu) kama iko ndani. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa RAM. Kiangazi, Juni hadi Septemba, hewa ikikauka, umeme wa mwilini unaweza kuua chipu bila wewe kuhisi chochote. Shika kipande pembeni, usiguse meno ya dhahabu.

Unaporudisha, sukuma mpaka vibanio vilie "tik". Sitachoka kulisema hili. Kompyuta nyingi ninazoletewa zina RAM iliyoingia upande mmoja vizuri na upande mwingine ikaning'inia kidogo tu. Inawaka, Windows inaiona, halafu joto likipanda na chuma kikitanuka, jino moja linaachia. Hapo gemu inaondoka.

Kibandiko kwenye RAM kina maandishi mengi. Nisome nini?

Hapa pana majibu ya nusu ya kesi zote, kwa hiyo tuliza macho.

Kwanza kizazi. PC3 ni DDR3, PC4 ni DDR4, PC5 ni DDR5. Vizazi havichanganyiki. Mkato wa kwenye meno umewekwa mahali tofauti ili kukuzuia, na mtu akilazimisha kwa nguvu anavunja sloti.

Pili, kasi. PC3-10600 ni DDR3 ya 1333, PC3-12800 ni ya 1600. PC4-19200 ni DDR4 ya 2400, PC4-21300 ni ya 2666, PC4-25600 ni ya 3200.

Tatu, herufi L. PC3L inafanya kazi kwa volti 1.35, PC3 bila L inataka volti 1.5. Laptopu nyingi za Intel zinazotumia DDR3, kuanzia kizazi cha 4, zinatoa volti 1.35 tu. Ukichomeka isiyo na L, mara nyingi haiwaki kabisa, na ikiwaka ndiyo balaa zaidi, kwa sababu itakwenda kwa kusuasua na wewe utailaumu gemu.

Nne, herufi ya aina, ambayo kwenye DDR3 ndiyo inayofuata namba ya kasi. U ni ya kompyuta ya mezani, S ni ya laptopu. E na R ni za seva. Yenye R haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisini, hata kama imeingia kwenye sloti bila shida. RAM za seva zilizotumika zinauzwa bei ya kuvutia, na muuzaji mwenyewe wakati mwingine hajui alichokiuza. Mwombe picha ya kibandiko kabla ya kutuma hela. Asipotuma, achana naye.

Ya zamani na mpya ni za kampuni tofauti. Ndilo tatizo?

Mara nyingi hapana. Ukichanganya ya 1333 na ya 1600, zote zitakwenda kwa 1333, kama watu wawili wanaotembea pamoja, anayekwenda taratibu ndiye anayepanga mwendo. Shida huja pale vipande viwili vinapokuwa na mahitaji ya muda yanayopishana kidogo na BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) ikashindwa kuyapatanisha. Kila kimoja peke yake ni kizima, vikikaa pamoja gemu inajitoa. Ukikutana na hilo, usiendelee kupambana. Uza ya zamani, tafuta jozi inayofanana. Kama bado hujanunua, nunua jozi tangu mwanzo.

Nimeuziwa kipande cha GB 8 cha DDR3 kwa bei rahisi sana, kimeandikwa "AMD" kwenye kibandiko.

Kimetengenezwa kwa ajili ya kompyuta zenye prosesa za AMD pekee. Chipu zake zimepangwa kwa namna ambayo prosesa za Intel za mezani haziisomi. Kompyuta za ofisini zilizotumika tunazopata huku nyingi ni za Intel, hasa Dell OptiPlex na HP za kizazi cha 3 na cha 4. Kwenye hizo haitawaka. Kipande si kibovu, kiko mahali pasipo pake. Kitafutie mwenye AMD.

Nilipofunga RAM mpya nikawasha XMP kwenye BIOS. Nimekosea?

Hujakosea, ila umeiomba RAM ikimbie kuliko mwendo wake wa kawaida. XMP ni mpangilio wa kasi uliobuniwa na Intel, AMD wana wa kwao kwa DDR5 unaitwa EXPO. Kasi kubwa iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ndiyo hiyo ya XMP. Kidhibiti cha kumbukumbu kiko ndani ya prosesa, na si kila prosesa inaweza kuhimili, hasa ukijaza sloti nne.

Zima XMP, cheza siku mbili. Gemu ikitulia, umepata jibu. Unaweza kubaki hivyo, au kuiwasha tena na kushusha hatua moja, kwa mfano kutoka 3600 kwenda 3200. Kwa maoni yangu, fremu tano zaidi hazina thamani kama gemu inakutupa nje katikati ya mechi.

Nipime vipi RAM kwa uhakika?

Tumia MemTest86+. Ni bure, ni programu ndogo sana, hata kwa bando la kawaida haitakuumiza. Unaiweka kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, na inapima kabla Windows haijaingia. Kipimo kilichomo ndani ya Windows, unachokiita kwa kuandika mdsched, kinafaa kwa haraka. Kikikwambia kuna hitilafu, amini. Kikikwambia hakuna, usiamini bado.

Pima kwanza na vipande vyote ndani, kama unavyocheza. Acha izunguke angalau mara nne. RAM ya GB 16 kwenye mashine ya zamani inaweza kula usiku mzima, kwa hiyo washa unapokwenda kulala. Ikimaliza mzunguko wa kwanza bila kosa itaandika kwamba imepita. Usiizime hapo. Nimeona vipande vilivyoanza kukosea mzunguko wa tatu, joto lilipokolea.

Mistari myekundu ikitokea, sasa tenganisha. Pima kipande kimoja kimoja kwenye sloti ile ile. Kisha chukua kile kilichokosea, kihamishie sloti nyingine. Kosa likikifuata kipande, kipande ni kibovu. Kosa likibaki kwenye sloti hata ukiweka kipande kizima, tatizo ni sloti, madabodi au soketi ya prosesa. Pini moja iliyopinda chini ya prosesa inaweza kuua upande mzima wa kumbukumbu, na mtu akanunua RAM tatu bila kupona.

Kosa moja ni kosa. Mteja mmoja aliniambia, "Kaka, ni mawili tu kati ya mabilioni." Mawili hayo yakiangukia faili la mtihani wako, litafunguka likiwa limeharibika.

Nimepiga Windows upya mara mbili na bado. Nipige tena?

Tafadhali usipige. Hili linaniuma kwa sababu nimelifanya mwenyewe, zamani, kwa kompyuta ya mwanafunzi. Nilipiga Windows mara tatu, na kila mara ilianza kuharibika ndani ya siku chache, gemu zikagoma kusakinishwa zikidai faili limeharibika. RAM ilikuwa mbovu, na Windows yenyewe ilikuwa inapita kwenye RAM hiyo ikiandikwa kwenye diski. Nilikuwa nanakili uharibifu. Baya zaidi, picha zake nilizohamisha ili "kuziokoa" zilipita njia hiyo hiyo, na kadhaa hazikufunguka tena.

Ndiyo maana leo sigusi faili la mteja kabla ya kupima RAM. Ukishuku RAM, usinakili kitu cha maana kupitia mashine hiyo. Toa diski, nakilia kwenye kompyuta nyingine. Na ukishathibitisha kwamba RAM ilikuwa mbovu na ukaibadilisha, hapo ndipo kupiga Windows upya kunakuwa na maana, pamoja na kukagua faili za gemu. Steam, programu ya kununulia na kuendeshea gemu, ina sehemu ya kufanya hivyo kwenye sifa za gemu.

Umeme ukikatika katikati ya kipimo?

Hakuna kinachoharibika kwenye RAM, utaanza upya tu. Hatari ni unapobadilisha toleo la BIOS, kwa sababu umeme ukikatika wakati huo madabodi inaweza kufa. Usijaribu bila UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) au laptopu yenye betri iliyojaa, na usijaribu kabisa wingu likiwa limeshaanza kunguruma upande wa ziwa.

Tofautisha pia dalili. Gemu ikijifunga na kukurudisha kwenye Windows, RAM ni mshukiwa mzuri. Ikija skrini ya bluu yenye MEMORY_MANAGEMENT au PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, vilevile, ingawa draiva mbovu huweza kuleta skrini hizo hizo. Kompyuta ikizima ghafla kama iliyochomolewa, bila ujumbe wowote, tazama kwanza umeme, pawa saplai na joto. Volti za nyumbani zikishuka usiku kila mtu anapowasha vyombo, pawa saplai iliyochoka inashindwa kubeba, na gemu ndiyo inayoibebesha mzigo mkubwa.

Nilifunga RAM na kadi ya grafiki siku moja.

Basi rudisha kimoja. Pawa saplai za kompyuta ndogo za ofisini nyingi ni za wati 240 hivi. Kipande cha RAM kinakula wati chache tu, kadi ya grafiki hata ile ndogo isiyo na waya wake wa umeme inaweza kula hadi 75. Dau langu liko kwa kadi. Siku nyingine badilisha kitu kimoja, cheza siku mbili, ndipo ubadilishe kingine.

Sina kadi ya grafiki. Picha inatoa rangi za ajabu kabla gemu haijajitoa.

Grafiki ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inakopa RAM ya kompyuta. RAM ikiwa mbovu kwenye eneo lililokopwa, utaona mistari, vipande vya rangi, watu wasio na uso. Wengi hukimbilia kubadilisha draiva za grafiki. Pima RAM kwanza.

Habari njema kwa watu wa grafiki ya ndani ni kwamba vipande viwili vinavyofanana, vikikaa kwenye sloti sahihi, huongeza kasi ya gemu kuliko kipande kimoja chenye ukubwa ule ule. Kwenye madabodi nyingi zenye sloti nne, sloti sahihi kwa vipande viwili ni ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kwenye kompyuta za ofisini mara nyingi ni zile zenye rangi moja. Mchoro upo ndani ya mfuniko, usome.

Nimeweka GB 8, Windows inasema naweza kutumia GB 3 na kitu.

Windows yako ni ya biti 32, mwisho wake ni GB 4. Weka ya biti 64. Kama tayari ni ya biti 64, fungua msconfig, sehemu ya kuwaka, chaguzi za juu, uone kama kuna mtu alitia alama kwenye kiwango cha juu cha kumbukumbu. Ondoa alama hiyo, washa upya.

Na ujue kwamba gemu za zamani zenyewe ni za biti 32. Hizo kwa kawaida zinatumia GB 2, au 4 zikiruhusiwa, hata ukiweka RAM ya GB 64. Kama ni hizo tu unazocheza na tayari unazo GB 8, hela yako itafaa zaidi kwenye diski ya SSD.

Rafiki kaniambia, RAM ikishakuwa nyingi nizime pagefile, lile faili la diski ambalo Windows hulitumia kama nyongeza ya RAM.

Rudisha. Gemu nyingi huomba kuwekewa nafasi kubwa kuliko zitakayoitumia, na Windows bila pagefile inazinyima hata kama RAM iko wazi. Zinajitoa zikidai kumbukumbu imeisha. Iache Windows ijipangie ukubwa yenyewe.

Haiwaki kabisa, inalia tu.

Hesabu milio. Dell OptiPlex za kizazi cha 3 na cha 4 zikilia mara mbili zinasema hazioni RAM, mara nne zinasema zimeshindwa kuisoma au kuiandika. HP za ofisini za miaka hiyo zikilia mara tano na taa nyekundu ikimweka mara tano, ni RAM. Toa zote, chomeka moja. Ikigoma, toa betri ndogo ya CR2032 kwa dakika tano huku waya wa umeme umechomolewa, kisha irudishe. Kwa wenye DDR5, skrini inaweza kukaa nyeusi dakika kadhaa mara ya kwanza mashine ikijifunza RAM mpya. Vumilia kabla ya kuzima.

Ni kweli kwamba ufutio wa penseli unasafisha meno ya RAM?

Mafundi wengi tunafanya, na unafanya kazi, lakini unakwangua dhahabu na kuacha vumbi la mpira. Bora pamba yenye spiriti safi, kisha acha ikauke. Usisahau sloti yenyewe. Ipulizie hewa, usichokonoe kwa pini. Kompyuta zinazokaa karibu na jikoni zina kazi ya ziada, maana moshi wa mawese unaacha utando, na utando unashika vumbi letu jekundu kama gundi.

RAM imepita kipimo, gemu bado inajitoa. Nini kingine?

Fungua kasha tena uangalie ulichokigusa. Waya uliosukumwa unazuia feni, kebo ya diski imelegea, kadi imeinuka kidogo kwenye sloti yake. Mkono ulioingia kufunga RAM ndio huo huo uliovigusa hivyo. Kisha andika perfmon /rel, utapata kalenda ya hitilafu. Tazama kama zilianza siku ya RAM au kabla. Nimewahi kukuta zilianza wiki mbili kabla, mteja hakuwa amezitilia maanani.

Kwa wachache wenye prosesa za Intel za mezani za kizazi cha 13 au 14, hasa i7 na i9, gemu ikilalamika kwamba kumbukumbu ya video imeisha, inaweza isiwe RAM wala kadi. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa hizo zilikuwa zikipewa volti kupita kiasi, wakatoa marekebisho kupitia BIOS na kuongeza dhamana miaka miwili.

Nawezaje kuirudisha kwa muuzaji aliye Dar?

Pima siku ile ile mzigo unaposhuka stendi au stesheni, usisubiri wikiendi. Piga picha ya kibandiko, piga video ya MemTest86+ ikionyesha mistari myekundu huku kipande hicho kikiwa peke yake ndani ya mashine, na ionekane ni kipande hicho. Usibandue kibandiko wala kukiandikia. Kifunge kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, na juu yake kitu kigumu, kwa sababu kitasafiri chini ya mizigo ya watu.

Nikija kwako nilete nini?

Lete kasha lenyewe, waya wake wa umeme, RAM mpya, na ile ya zamani uliyoitoa. Hiyo ya mwisho wengi wanaiacha nyumbani au wameshaiuza. Bila hiyo itabidi nikope kipande cha mashine nyingine kulinganisha, na kazi ya saa moja inageuka ya siku mbili.